Mkono Kwenye Mfuko wa Koti

Mara ya kwanza nilipomwona mjukuu wangu akitia mkono kwenye mfuko wa koti lisilo lake, nilinyamaza. Ilikuwa asubuhi, kumekucha kabisa, na mimi nilikuwa nimejilaza kwenye godoro langu nyuma ya pazia la chumba cha kushonea. Pazia lile lina tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Sikulitoboa mimi, nililikuta, lakini siwezi kusema sikulitumia.

Chumba chenyewe ni cha mbele, kinatazama barabara. Kuna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na bomba la chuma lililopita juu kutoka mlangoni hadi dirishani, la kutundikia nguo. Mwenye chumba ni mpwa wangu, mtoto wa kike wa marehemu dada yangu. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, zimebaki wiki saba afanye mtihani wa kumaliza. Mimi nilikuwa na miezi mitatu pale. Nilipita kusalimia, nikabaki.

Nimelala kwenye mabanda ya wachimba mitaro, nimelinda maghala, nimesugua masufuria ya hoteli. Kote huko nimeibiwa. Mtu aliyeibiwa viatu alivyovifanya mto haangalii mkono unaoingia mfukoni polepole akafikiria mema.

Na mkono wa yule binti uliingia polepole. Alisimama kwenye koti la kwanza karibu na mlango, akafumba macho, akachomoa kitu kidogo kama nusu ya bahasha. Akakitazama. Midomo ikacheza. Kisha akafungua daftari, akasoma kidogo, akaguna. Akachukua sindano, akafanya jambo ambalo sikuliona vizuri kwa sababu alinipa mgongo, akakirudisha kile kitu mfukoni. Akaenda koti la pili.

Yale makoti yalikuwa ya shule yake. Shule iliagiza arobaini, ya darasa lake lote, ili wayavae kuanzia mtihani wa majaribio mpaka ule wa mwisho. Lakini katikati yake kulikuwa na nguo za wateja zilizoletwa kurekebishwa, na nguo ya mteja mfukoni haikosi kitu.

Siku ile ile, Alhamisi, akaja dereva wa lori kuulizia koti lake. Alikuwa amelileta mfuko umechanika. Alipotokeza tu mlangoni, Fundi, hata kabla ya kumwitikia salamu, akasema, "Kifua arobaini na mbili, mkono ishirini na tano, bega la kulia limeshuka kidogo." Ndipo akafungua daftari lake la vipimo akahakikisha. Ndiyo desturi yake. Mteja wa zamani akiingia, anamtamkia vipimo vyake kwanza, kisha ndiyo anafungua daftari. Akikosea, anajicheka na kurudia kwa sauti. Kwa hiyo watu zaidi ya mia mbili wamo kichwani mwake kwa inchi.

"Umepatia yote," dereva akasema. "Lakini Fundi, koti hili lilikuwa na kalamu."

"Kalamu gani?"

"Ya chuma. Ninayosainia mizigo."

"Hapa kwangu hakipotei hata kifungo."

"Sijasema imepotea. Nimesema haipo."

Fundi akacheka, dereva akacheka, mimi sikucheka. Niligeuza uso nikamtazama binti aliyekuwa ameinamia vifungo kwenye kona. Yeye hakuinua kichwa. Kwa mtu kama mimi, asiyeinua kichwa wakati wengine wote wameinua ana lake jambo.

Nikaanza kumchunguza. Fundi alininasa siku ya pili.

"Mjomba, una macho ya askari wa mpakani. Umemwona nani?"

"Binti yako anasoma saa ngapi?"

"Kila siku."

"Mimi sijamwona ameketi na kitabu. Watoto wa watu wanakesha na vitabu mpaka macho yanavimba. Huyu anazunguka zunguka kwenye nguo."

"Mwaka jana aliketi," Fundi akasema, na pini zake tatu zikiwa kwenye pembe ya mdomo. "Alinakili daftari zima la baiolojia upya, kwa kalamu za rangi tano. Ungeliona ungedhani kadi ya harusi. Akawa wa thelathini na moja kati ya arobaini. Muhula uliopita kaacha rangi, kawa wa tano."

Angeniambia amepona ugonjwa ningefurahi. Lakini kutoka thelathini na moja hadi tano, bila kuketi, nikaona hapo pana mlango wa nyuma. Sikumwambia Fundi. Mama haambiwi mambo kama hayo na mgeni mwenye godoro la kuazima.

Halafu binti akaanza kunichokoza na maswali. Nilikuwa nanoa mkasi barazani, akaja akachuchumaa.

"Babu, moyo una vyumba vingapi?"

"Wangu au wa nani?"

"Wa mtu yeyote."

"Inategemea amependa mara ngapi."

Akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akanieleza: vinne, viwili juu, viwili chini, vya juu vinapokea damu, vya chini vinaisukuma. Akachora kwa chaki ya fundi kwenye sakafu, michoro minne na mishale, maneno machache mno. Mimi shule nimeisoma vipande vipande. La kwanza na la pili mji mmoja, la nne mji mwingine, la tatu silijui mpaka leo. Lakini nilielewa.

"Kwa nini unaniambia mimi?" nikamuuliza.

"Nikikueleza wewe ukaelewa, basi na mimi nimeelewa. Ukikunja uso, najua mahali nilipodanganya."

Kesho yake akaniuliza tena nisipotarajia, nikiwa na maji ya kunawa mkononi. Vingapi? Nikasema vitatu. Akatabasamu akaenda zake. Siku nne zikapita akauliza tena, nikapatia. Mtoto anapomzoea mzee ghafla hivi, mimi huangalia kwanza kama pochi yangu ipo. Nikasema ananilainisha, amejua nimemwona.

Jumapili, kesho yake ukianza mtihani wa majaribio, makoti yalikwisha kabla ya wakati. Binti alikuwa amekwenda kwa mwenzake, wanafanya mitihani ya miaka ya nyuma kwa kutegeshea saa. Fundi akaniambia nipeleke mzigo shuleni kwa mtunza stoo.

"Upekue mifuko kwanza, Mjomba. Pini na chaki. Mara moja nilimchoma mtoto wa watu."

Hiyo ndiyo kanuni ya nyumba ile, na ya kila fundi niliyepata kumwona: nguo haivuki mlango kabla mkono haujapita kila mfuko. Nikasema sawa. Akaingia ndani kupika. Mimi nikabaki na makoti arobaini, nikajiambia: katika nyumba hii mikono ya mifukoni imeshatosha. Kitu kikikosekana tena, wasije wakasema na mzee naye alionekana. Na koti jipya litakuwa na nini mfukoni? Nikayakunja kumi kumi, nikafunga kamba, nikayapeleka kwa toroli. Mtunza stoo akayahesabu, akasaini, nikarudi napiga mluzi.

Niliporudi nikachukua koti la dereva niipige pasi bitana yake, kile kitambaa cha ndani. Pasi ikagota. Nikapapasa pindo la chini, kitu kigumu, chembamba, kama kidole. Nikafumua nyuzi nne. Kalamu ya chuma ikanidondokea mkononi. Ilipenya kwenye mfuko uliochanika, ule ule alioleta ushonwe, ikateremka ndani ya bitana mpaka chini, ikalala.

Nikaketi kwenye kiti cha cherehani. Sasa kama mtoto haibi, anatafuta nini mifukoni?

Jibu lilikuja saa kumi na moja jioni. Binti aliingia na mkoba, akatazama bomba. Lilikuwa tupu upande wa mlangoni. Akasimama.

"Makoti yako wapi?"

"Nimeyapeleka," nikasema. "Kwani?"

"Mliyapekua?"

Kutoka jikoni Fundi akasema, "Babu yako kayapekua."

Binti akanitazama. Nikamtazama. Nikainamisha macho, naye akaelewa.

"Mifukoni mlikuwa na kadi zangu," akasema taratibu. "Kumi na nne. Zile ngumu."

"Kadi za nini?"

"Za kusomea, Babu. Mama hataki karatasi kwenye meza ya kukatia, mkasi hauchagui. Kwa hiyo naziweka mifukoni."

Alichomoa boksi la viatu chini ya cherehani akanionyesha. Limejaa kadi zilizokatwa kwenye yale makaratasi magumu yanayokaa ndani ya mashati mapya. Kila kadi swali moja kwa mwandiko wake mdogo, nyuma yake mishono ya uzi, myeupe na myekundu. Sikuuliza uzi ni wa nini. Nilikuwa bado nalifikiria lile neno "kusomea", nalipima kwenye meno. Nilishawahi kuona mahali watoto wanaandika majibu kwenye vikaratasi na kuingia navyo chumba cha mtihani. Vilikuwa vidogo kama hivi.

"Kesho nitawahi nizikusanye," akasema. Hakuwa akinisemesha mimi.

Aliwahi, lakini mtunza stoo aliwahi zaidi. Binti alipofika getini, wenzake walikuwa wameshavaa. Akafanya ambalo ningelifanya hata mimi, na ambalo lilikuwa baya kuliko yote: akaanza kumfuata mmoja mmoja, anatia mkono kwenye mfuko wa huyu, anatia wa yule, anachomoa kikaratasi, anakificha kwenye mkebe wake wa kalamu. Zimebaki dakika kumi mtihani wa baiolojia uanze. Mwalimu wa taaluma alikuwa amesimama ghorofani, mikono nyuma, anatazama.

Binti alipata kumi na tatu. Ya kumi na nne aliichomoa msichana mwingine katikati ya mtihani, alipotafuta leso. Mwalimu wa taaluma akaichukua. Ilikuwa swali la nne la karatasi iliyokuwa mezani, karibu neno kwa neno.

Saa nane mchana alikuja tarishi wa shule na baiskeli. Mzazi afike mara moja. Fundi akavua utepe wa kupimia shingoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana. Mimi nikabeba lile boksi la viatu. Sijui nililibeba la kumtetea au la kumshitaki.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na meza moja, viti vitatu na kabati la mafaili lisilofunga vizuri. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Kwenye meza kulikuwa na koti moja, kadi moja, mkebe wa kalamu, na barua iliyochapwa bila sahihi. Mwalimu wa taaluma alisimama dirishani, bado kijana, shati limenyooka. Binti aliketi pembeni, mikono mapajani.

"Mama," mwalimu mkuu akasema, "barua hii inakwenda baraza la mitihani. Nikiitia sahihi, binti yako hafanyi mtihani wa mwisho, si mwaka huu wala mwakani. Sijaitia. Nataka kwanza nisikie."

"Sikia nini," mwalimu wa taaluma akasema. "Nimemwona kwa macho yangu akigawa."

"Alikuwa akikusanya," Fundi akasema.

"Kukusanya baada ya kugawa."

"Alizigawaje, mwalimu, na makoti yalikuwa stoo kwenu?"

"Yalitoka kwenu, mama. Yakiwa na maswali mifukoni. Swali la nne nimelitunga mimi, likakaa kwenye kabati hili." Akaligonga kabati kwa kiganja, nalo likafunguka lenyewe kidogo. Wote tukalitazama. "Nataka kujua nani alilifungua."

Hapo nikaona mambo yalivyo. Mimi nilidhani wanamshuku kuingia na majibu. Wao walimshuku kuiba maswali. Na mimi, wiki mbili zote, nilimshuku kuiba kalamu.

Nikasimama. "Mwalimu, makoti nimeyaleta mimi. Fundi aliniambia nipekue mifuko, sikupekua."

"Kwa nini?" mwalimu mkuu akauliza.

"Nilidhani mtoto ni mwizi wa mifukoni. Sikutaka mkono wangu uonekane palipopita wake."

Fundi akageuza kichwa akanitazama. Nimetazamwa na mapolisi wa forodha, nimetazamwa na mbwa wa ghala. Hakuna aliyenitazama vile.

"Na ni mwizi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Kalamu niliyodhani ameiba niliikuta ndani ya bitana."

"Hayo ya kalamu ni ya nyumbani kwenu," mwalimu wa taaluma akasema. "Swali la nne ni la kabati langu."

Mwalimu mkuu akamgeukia binti. "Wewe ulilipata wapi?"

Binti alizungumza akiitazama meza. "Kwenye daftari langu, mwalimu. Kila mkimaliza kufundisha, ninafunga daftari na kuandika ninachokumbuka kwenye karatasi tupu. Halafu ninafungua kuona nilichosahau. Kila kichwa cha habari ninakigeuza swali, ninaliandika kwenye kadi. Kadi haina jibu, jibu liko daftarini. Ninajibu kwanza, ndipo ninafungua."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mama. Mteja akija anataja vipimo kabla ya kufungua daftari."

Fundi akapeleka mkono shingoni kutafuta utepe.

"Nilikuwa ninasoma tu, ninasoma tena, naona yote nayajua," binti akaendelea. "Nikifunga kitabu, hakuna kitu. Mama angekuwa anasoma daftari lake kila mteja anapoingia, asingemjua hata mmoja."

"Na nyuzi?" mwalimu wa taaluma akauliza. Alikuwa ameinua ile kadi, ameigeuza. "Mishono saba myekundu. Hii ni alama ya nini, mnawasiliana na nani?"

"Nikipatia nashona mweupe. Nikikosa, mwekundu. Kadi ikipata myeupe mitatu mfululizo inaondoka mfukoni inaingia kwenye boksi, naiona mara moja kwa wiki. Ikikosa, inarudi mlangoni, naikuta kila siku."

Mwalimu mkuu akaninyooshea mkono. Nikampa boksi. Akatia vidole bila kutazama, akachomoa moja.

"Kwa nini mmea uliofungiwa gizani hugeuka njano?"

"Klorofili inahitaji mwanga kutengenezwa. Bila mwanga inapungua, rangi ya kijani inaondoka, na ile ya njano iliyokuwapo inaonekana."

Nyingine. "Kwa nini mchana upepo hutoka baharini kuja nchi kavu?"

Akajibu. Nchi hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, ya baharini hujaza nafasi. Nyingine, akajibu. Nyingine, akasita, akajibu nusu, akasema nusu ya pili hana uhakika. Mwalimu mkuu alikuwa akigeuza kila kadi na kuhesabu nyuzi. Ile ya kusita ilikuwa na mwekundu katikati ya myeupe.

"Amekariri," mwalimu wa taaluma akasema. "Mwenye maswali nyumbani kwa nini asikariri?"

"Lete hiyo yako," mwalimu mkuu akamwambia. Akaipokea ile kadi ya swali la nne, akaisoma polepole. "Damu inayotoka mapafuni huingia moyoni kupitia chumba kipi, na cha upande gani?"

Binti akakunja vidole. "Hiyo siijui vizuri."

"Jibu unavyojua."

"Chumba cha juu." Akafumba macho, vile vile kama asubuhi zile mbele ya koti. "Cha kulia."

Hata mimi wa vipande vipande nilisikia kwamba kuna kitu kimekwenda upogo.

"Karatasi yake ya asubuhi iko wapi?" mwalimu mkuu akauliza.

Mwalimu wa taaluma akafungua bahasha, akapekua, akaichomoa. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Swali la nne ameandika nini?"

"Cha kulia," akasema.

"Na jibu ni?"

"Cha kushoto."

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Sasa nieleze. Mtu anavunja kabati lako, anaiba swali, anakaa nalo nyumbani, analikosa mara saba, analikosa asubuhi, analikosa sasa hivi mbele yangu na barua iko mezani. Huyo ni mwizi wa namna gani?"

Mwalimu wa taaluma akairudisha karatasi kwenye bahasha. Lakini macho yake hayakulegea. Nayajua macho hayo, nimeyavaa mwenyewe.

Fundi ndiye aliyesogea. Alikuwa hasikilizi tena habari za wizi. Alikuwa anamtazama binti yake kama anavyotazama nguo iliyokaa vibaya begani.

"Kwa nini unasema kulia?" akamuuliza.

"Kwenye picha ya kitabu, Mama. Mishipa ya mapafu inaingia upande huu." Akainua mkono wa kulia. "Kila siku naiona kulia."

Fundi akalichukua lile koti la mezani, akalishika mabegani, akalining'iniza mbele ya binti, kifua kikimtazama.

"Mkono huu ni upi?"

"Wa ku..." Binti akasita.

"Ulikuwa na miaka sita nilipokufundisha. Ukaniharibia shati la mtu ukashona kifungo upande sio. Nilikwambia nini?"

"Kushoto ni kwa anayevaa. Siyo kwa anayetazama."

"Moyo wa kwenye kitabu umesimama kama mteja. Anakutazama. Upande ulio kulia kwako?"

"Ni kushoto kwake," binti akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo, "Ni kushoto kwake." Akatazama kadi mezani kama mtu aliyemwona jirani amevaa nguo zake.

Mwalimu wa taaluma akakohoa. "Nina wanafunzi ishirini wanaokosa hapo," akasema, akitazama dirishani. "Sijui huwa wanaona nini."

Mwalimu mkuu hakuichana barua. Watu wa ofisi hawachani karatasi. Aliiweka kwenye droo akafunga kwa ufunguo.

"Itakaa hapa mpaka siku ya mwisho ya mtihani. Binti ataketi meza ya mbele, peke yake. Na wewe Fundi, kesho asubuhi kabla ya kengele, mifuko ya makoti yote arobaini iwe imeshonwa imefungwa."

"Arobaini?" nikasema.

"Huyu ndiye atakayeishona," Fundi akasema, bila kunitazama.

Nikaishona. Mwalimu wa taaluma alikaa kwenye stoo na mimi jioni yote, anahesabu. Kila mfuko niliutia mkono kwanza, mpaka kwenye kona. Nilipata pini moja.

Wiki zilizofuata hakuna aliyezungumza na mimi sana, na sikulalamika. Makoti hayakuwepo tena, kwa hiyo binti akazihamishia kadi kwenye nguo zangu. Suruali yangu kuukuu kwenye msumari ilikuwa na jiografia, shati la safari lilikuwa na historia. Ile ya damu ya mapafuni, aliyorudishiwa shuleni, ilipata mweupe wake wa kwanza Jumanne, wa pili Ijumaa, wa tatu wiki iliyofuata. Hakuitoa mfukoni hata hivyo. Alisema mara saba ni nyingi, anataka kuzilipiza.

Siku ya mtihani wa mwisho wa baiolojia nilimsindikiza. Njiani nilimuuliza mimi, ghafla, wakati anaruka mtaro: damu ya mapafuni inaingia wapi? Alinigeuza tukatazamana, akagusa kifua changu, upande ulio kulia kwake.

"Kushoto kwa anayevaa, Babu."

Mwalimu wa taaluma alikuwa getini. Alipitisha kidole kwenye mishono ya mifuko ya koti la binti, mmoja, mwingine, akavuta uzi kuona kama umekaza. Binti alisubiri, mikono imeinuliwa kidogo kama anayepimwa. Kisha akaambiwa apite, akapita. Kengele ikalia. Niliona kisogo chake kikiingia mlango wa ukumbi, kikaketi meza ya kwanza.

Nikabaki pale nje, kwenye ukuta. Nusu saa hivi ikapita, mlinzi akanijia.

"Mzee, unamngoja nani?"

"Mjukuu wangu."

"Kuna mtihani. Hatutaki watu wa kuzungukazunguka na ukuta." Alinipima toka viatu hadi kofia. "Una nini mifukoni?"

Nilimpenda kwa hilo. Nikainua mikono. Akatia yake kwenye mfuko wa koti langu, polepole, akachomoa kadi.

Mimi mwenyewe sikujua imo. Akaisoma kwa sauti, akifuata kwa kidole, kama mtu aliyekamata kitu.

"Moyo una vyumba vingapi." Akainua macho. "Hii ni nini?"

"Ni swali langu."

"Lako wewe?"

"Nililikosa."

Akaigeuza nyuma. Hapakuwa na maandishi. Palikuwa na mshono mmoja mwekundu na miwili myeupe. Akaikwaruza kwa ukucha, akainusa kidogo, akaitazama kwenye jua.

"Na jibu?" akauliza, jicho moja likiwa kwangu.

"Vinne."

Alifikiri kidogo. Akanirudishia kadi, akaniambia nisogee hatua kumi kutoka ukutani. Nikasogea kumi na mbili, nikaketi juu ya jiwe, nikaanza kupapasa kola yangu, mahali ambapo watu wa nyumba ile huchomeka sindano. Hapo chini ya kola kulikuwa kumechomekwa sindano, na uzi mweupe ukiwa tayari umetungwa.